Ruzuku, mshahara na dola za ndugu: kipi kimeziinua kaya za Meksiko?

SWALI: Shikamoo Dokta. Nafanya kazi na walengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, huku Lushoto. Kila semina tunaambiwa kwamba mpango wa kuzipa kaya maskini fedha kwa masharti ulianzia Meksiko. Nimesoma pia kwamba umaskini huko umeshuka sana miaka ya karibuni, na wakati huohuo Wameksiko walioko Marekani wanatuma nyumbani mabilioni ya dola. Sasa kilichowainua ni kipi, ruzuku ya serikali au fedha za ndugu? Na mtu akipewa ruzuku kwao, anaacha kuhama? La mwisho ni langu binafsi: kaka yangu yuko Texas, na tumesikia Marekani imeweka kodi kwa wanaotuma fedha nje. Inatuhusu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nikupe kwanza jibu kavu: kilichopunguza umaskini wa Meksiko tangu 2018, kwa sehemu kubwa kuliko vingine, si ruzuku wala dola. Ni mshahara. Lakini ukiliishia hapo utakuwa umepotoka, maana mshahara, ruzuku na dola haviingii katika kaya zilezile, na kila kimoja kinafanya kazi ambayo kingine hakiwezi.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2018 watu milioni 51.9, yaani asilimia 41.9 ya wananchi, walihesabiwa kuwa maskini. Mwaka 2024 walikuwa milioni 38.5, asilimia 29.6. Hao ni zaidi ya watu milioni 13 waliotoka katika umaskini ndani ya miaka sita, na janga la Korona likiwa katikati. Wenzetu hawa hawapimi umaskini kwa kipato peke yake. Mtu huhesabiwa maskini ikiwa kipato chake kiko chini ya mstari wa umaskini na pia amekosa angalau kimoja kati ya mambo sita: elimu, huduma ya afya, hifadhi ya jamii, nyumba bora, huduma za msingi za nyumba, na chakula. Likumbuke hilo la afya, nitalirudia.

Katika kipindi hicho kima cha chini cha mshahara kilipanda kutoka peso 88.36 kwa siku mwaka 2018 hadi 248.93 mwaka 2024, kisha 278.80 mwaka 2025. Hata ukiondoa kupanda kwa bei, mfanyakazi wa kima cha chini anapata zaidi ya mara mbili ya alichokuwa akipata. Tangu mgogoro wa madeni wa miaka ya 1980 serikali ilikuwa imekikandamiza kima hicho makusudi ili kuzuia mfumuko wa bei. Isitoshe, faini, ada na mikopo ya nyumba vilikuwa vimefungwa humohumo, hivyo kukipandisha kulimaanisha kuvipandisha vyote kwa pamoja. Fundo hilo lilifunguliwa mwaka 2016 kwa kutunga kipimo kingine cha kukokotolea faini na mikopo. Sheria kavu, ya kiofisi, ambayo haikuimbwa na mwanasiasa yeyote jukwaani, lakini bila hiyo mambo ya baadaye yangekuwa magumu sana. Wachumi wengi, tukiwamo wa kizazi changu tuliofundishwa kwamba kima cha chini kikipanda ajira hufa, tulisubiri ajira zife. Hazikufa.

Ila mshahara unamfikia mwenye mwajiri. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Meksiko wako katika sekta isiyo rasmi: muuza vyakula barabarani, fundi ujenzi wa kutwa, mkulima wa mahindi wa Oaxaca. Hapo ndipo ruzuku inapoingia.

Mpango mnaoambiwa semina ni Progresa, ulioanza mwaka 1997 vijijini chini ya Rais Ernesto Zedillo. Mwaka 2002 uliitwa Oportunidades ukaingia mijini, na mwaka 2014 ukawa Prospera, ukihudumia zaidi ya kaya milioni 6. (Miji ya Brazil ilikuwa imejaribu kitu cha namna hiyo miaka michache kabla, kwa hiyo Meksiko ilikuwa ya kwanza kuufanya wa kitaifa kwa kiwango kile, si ya kwanza duniani.) Muundo wake utautambua mara moja. Fedha zililipwa kila baada ya miezi miwili, aliyepokea alikuwa mama, na sharti lilikuwa watoto wahudhurie shule na familia ifike zahanati. Wasichana wa sekondari walipewa zaidi ya wavulana, kwa kuwa ndio waliokuwa wakiacha shule mapema.

Kilichoupa Progresa jina kubwa duniani ni jinsi ulivyopimwa. Mchumi Santiago Levy na wenzake serikalini walijua kwamba kila rais mpya wa Meksiko hufuta mipango ya aliyemtangulia. Kwa kuwa fedha hazikutosha kuvifikia vijiji vyote kwa mara moja, walichukua vijiji 506, wakavigawa kwa bahati nasibu: 320 vilianza mara moja, 186 vikasubiri takriban mwaka mmoja na nusu. Tofauti kati ya makundi hayo mawili ikawa ushahidi ambao rais aliyefuata, wa chama kingine, alishindwa kuupuuza.

Ushahidi wenyewe ulisema nini? Mahudhurio ya sekondari yalipanda, hasa kwa wasichana. Watafiti waliofuatilia matumizi ya fedha, akiwamo Paul Gertler, waliona kwamba katika kila peso karibu robo tatu zilitumika kwa mahitaji na robo iliyobaki iliwekezwa: kuku, nguruwe, shamba, kibiashara kidogo. Na kuna jambo ninalopenda sana kuwaambia maofisa wanaolalamika kwamba majirani wasiolengwa wanaona wivu. Huko Meksiko majirani wasiolengwa nao walianza kula vizuri zaidi. Si kwa muujiza. Walengwa waliwakopesha, waliwapa zawadi, na wao wakalegeza akiba zao kwa kujua kijijini sasa kuna pa kukimbilia. Fedha ya kijijini haikai katika mfuko wa mtu mmoja, wewe wa Lushoto hilo unalijua kuniliko.

Levy mwenyewe baadaye aliikosoa sera pana ya nchi yake. Hoja yake ni kwamba ukimkata mfanyakazi rasmi na mwajiri wake michango mikubwa ya hifadhi ya jamii, kisha ukampa asiye rasmi huduma zinazofanana bila kuchangia, umeutoza kodi urasmi na kuulipa usio rasmi. Progresa peke yake haikuwa na kosa hilo. Ila ukizijumlisha sera zote, kaya hujifunza kwamba duka dogo lisilosajiliwa ndilo lenye faida, na duka dogo halikui. Wako wanaompinga kuhusu ukubwa wa athari hiyo. Mimi naona mwelekeo wake ni sahihi.

Mwaka 2019 Rais Andrés Manuel López Obrador aliufuta Prospera. Badala yake zikaja fedha zisizo na masharti: pensheni ya wazee wote, ambayo tangu 2021 ni kwa kila mwenye miaka 65 na kuendelea, awe na kiinua mgongo au asiwe nacho, ufadhili wa wanafunzi, posho ya mwaka mmoja kwa vijana wanaojifunza kazi, na Sembrando Vida, unaowalipa wakulima kila mwezi kupanda miti na mazao kwenye hekta mbili na nusu. Pensheni ya wazee ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2025 mzee alipokea peso 6,200 kila miezi miwili, na katika Katiba hiyo ni haki tangu 2020.

Hapa maoni yangu yamegawanyika. Pensheni ya wote ina heshima yake. Hakuna ofisa wa kumpekua bibi kama ni maskini vya kutosha, hakuna jina linalokatwa orodhani kwa chuki ya mwenyekiti, na fedha ya bibi inanunua daftari za wajukuu. Lakini ukigawa kwa umri badala ya uhitaji, kaya changa yenye watoto wanne na bila mzee inabaki nje, na ndizo kaya zilizokuwa zikihudumiwa na Prospera. Takwimu za mapato ya kaya zinaonyesha kwamba baada ya 2019 sehemu ya ruzuku iliyofika kwa maskini kabisa ilipungua, na iliyofika kwa wenye hali ya kati na ya juu ikaongezeka. Ndiyo maana umaskini uliokithiri haukushuka kwa kasi ileile: watu milioni 8.7 mwaka 2018, milioni 7.0 mwaka 2024. Linganisha na kuporomoka kwa umaskini wa jumla na utaona nani ameachwa nyuma. Ni yule asiye na mwajiri wa kumpandishia mshahara, asiye na mzee wa miaka 65 nyumbani, na asiye na ndugu Marekani.

Na afya. Bima ya umma ya watu wasio na ajira rasmi, Seguro Popular, ilivunjwa, na iliyochukua nafasi yake mwaka 2020 haikusimama sawasawa. Waliokosa huduma ya afya walikuwa asilimia 16.2 mwaka 2018, wakafika asilimia 39.1 mwaka 2022, na mwaka 2024 walikuwa bado asilimia 34.2. Maana yake kaya inapokea peso kwa mkono wa kulia na kumlipa daktari binafsi kwa mkono wa kushoto. Ruzuku ya vituo vya kulelea watoto wadogo wakati mama yuko kazini nayo ilikatwa 2019, akina mama wakapewa fedha kidogo mkononi badala yake. Kwenye kitabu cha serikali yote hayo ni "msaada kwa kaya". Kwa mama wa mji wa Ecatepec aliyekuwa akimwacha mtoto kituoni saa moja asubuhi, hayalingani hata kidogo.

Sasa dola. Mwaka 2024 Meksiko ilipokea karibu dola bilioni 65 kutoka kwa watu wake walioko nje, karibu zote kutoka Marekani, sawa na kati ya asilimia 3 na 4 ya uchumi mzima. Mwaka 2025 zilishuka hadi chini kidogo ya bilioni 62, anguko la kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kupanda mfululizo. Kila mkupuo ni wastani wa takriban dola 400.

Kitaifa fedha hizo haziwezi kuwa ndizo zilizoshusha umaskini kwa kasi ile, kwa sababu kaya nyingi za Meksiko hazina mtu wa kuzitumia. Lakini nenda majimbo ya Michoacán, Zacatecas au Guerrero utakuta uchumi mwingine kabisa, ambako zahanati, harusi, paa la zege na mbolea vyote vinasubiri dola. Watafiti Christopher Woodruff na René Zenteno walikadiria kwamba karibu moja ya tano ya mtaji wa biashara ndogondogo za mijini ilitokana na fedha za wahamiaji. Katika kaya zenye wahamiaji watoto wachanga walikufa kwa uchache na walizaliwa na uzito mkubwa zaidi. Upande wa pili, wavulana wa miaka 16 hadi 18 katika kaya hizo walisoma kidogo kuliko wenzao. Kijana anayejua atavuka mpaka akaoshe vyombo au achume nyanya haoni cheti cha sekondari kitamsaidia nini huko. Kwa hiyo fedha ya baba inalipa karo, na mfano wa baba unamtoa mtoto darasani.

Dola ina tabia moja ambayo ruzuku haina: thamani yake inayumba. Aprili 2020 dola moja ilinunua zaidi ya peso 24. Miaka minne baadaye ilinunua chini ya 17. Mama aliyekuwa akipokea dola 400 alipata peso 9,600 wakati ule, na peso 6,800 baadaye, huku unga na maharage vimepanda bei katikati. Mtoto wake kule Chicago hakupunguza hata senti. Magazeti yaliandika "rekodi mpya ya fedha kutoka nje" mwaka uleule kaya zilipokuwa zinakaza mkanda.

Tufike kwenye uhamiaji, ambako sera za Marekani zimegusa mifuko ya Wameksiko kuliko sera nyingi za Meksiko kwenyewe. Kuanzia 1942 hadi 1964 kulikuwa na mpango wa vibarua wa mkataba, Bracero, uliotoa mikataba zaidi ya milioni 4. Mtu alikwenda kuvuna, akarudi kupanda kwake. Miaka ya mwanzo asilimia 10 ya mshahara ilikatwa kama akiba, ikatumwa kwenye benki za Meksiko, na wengi hawakuiona kamwe. Kuanzia 2005 hivi serikali ilikubali kuwapa fidia ya peso 38,000 wale walioweza kuonyesha karatasi zao. Fikiria nani ana karatasi ya 1943, na nani kati yao alikuwa bado hai.

Mpango ulipofungwa watu hawakuacha kwenda. Waliendelea bila karatasi, msimu kwa msimu. Sheria ya Marekani ya 1986 iliwapa hati watu wapatao milioni 2.7, wengi wao Wameksiko. Kisha kuanzia 1993 na 1994 Marekani ikaziba mpaka pale El Paso na San Diego, na huo wa 1994 ndio mwaka uleule biashara huria ya Amerika Kaskazini ilipoanza na peso ilipoporomoka Desemba. Mwanasosholojia Douglas Massey ameonyesha kwa miaka mingi kilichofuata. Kuvuka kukawa ghali na hatari, kwa hiyo aliyefanikiwa kuvuka hakurudi tena. Badala ya kwenda na kurudi, wanaume walibaki na kuwavuta wake na watoto, na Wameksiko wasio na hati wakafika karibu milioni 7 mwaka 2007. Ukuta ulikusudiwa kuwazuia nje, ukawafungia ndani.

Kwa kaya, jambo kubwa ni nauli ya magendo. Msafirishaji, wao humwita coyote, alikuwa akilipwa mamia ya dola mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi ni maelfu. Safari imekuwa uwekezaji wa kukopea, wakati mwingine kwa rehani ya shamba, na miezi mingi ya kwanza ya kazi inaishia kulipa deni. Akirudishwa kabla deni halijaisha, kaya imepoteza shamba na mtu wake amerudi mikono mitupu. Kwa wanaorudishwa tangu 2025 serikali ya Meksiko inatoa kadi yenye peso 2,000, ambazo ni nauli ya basi na chakula cha siku chache.

Wakati huohuo mlango mmoja wa halali umepanuka. Viza za kazi za shambani za msimu, H-2A, zilitolewa zaidi ya 300,000 mwaka 2023, na takriban tisa kati ya kumi zilikwenda kwa Wameksiko. Ni Bracero nyingine, ikiwa na faida ileile ya kurudi nyumbani na ubaya uleule wa kufungwa kwa mwajiri mmoja.

Je, ruzuku inazuia watu kuhama? Tafiti za Progresa zenyewe zimegongana, na sababu ya kugongana kwake inafundisha kuliko jibu. Utafiti mmoja wa mapema uliona kwamba kaya zilizopokea zilipeleka watu wachache zaidi Marekani. Mchumi Manuela Angelucci baadaye aliona kinyume katika baadhi ya kaya: ruzuku ya uhakika iligeuka dhamana ya kukopea nauli, na maskini ambaye hakuwahi kumudu kuondoka akaondoka. Fedha yenye sharti la mtoto kuwa darasani ilimshikilia kijana nyumbani, kwa sababu akiondoka kaya inapoteza. Fedha isiyo na kamba ilimpa mkubwa wa nyumba nguvu ya kusafiri. Hata ardhi ilifanya hivyo: serikali ilipowapa wanavijiji vyeti vya mashamba yao kati ya 1993 na 2006, kaya zenye cheti zikawa na uwezekano wa kuwa na mhamiaji uliozidi wengine kwa zaidi ya robo. Mtu haogopi tena kwamba akiondoka shamba litachukuliwa, basi anaondoka. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza ruzuku kwa wafadhili kama dawa ya uhamiaji, kama Meksiko ilivyoupeleka Sembrando Vida Honduras na El Salvador, muulize ruzuku hiyo ni kiasi gani, inamshika nani nyumbani, na nauli ya kuondoka ni shilingi ngapi.

Nimebakiza kodi ya kaka yako. Ipo kweli, na haichagui Mmeksiko na Mtanzania. Mswada ulianza na asilimia 5, ukashuka hadi 3.5, na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 ikaacha asilimia 1, kuanzia 1 Januari 2026. Inamgusa mtumaji yeyote, awe raia au mgeni. Lakini inatozwa anapolipia kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hawala ya kununuliwa dukani. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki iliyotolewa huko, hatozwi. Kama kaka yako huwa anakwenda na noti kwa wakala, katika kila dola 300 atakatwa 3 juu ya ada ya kawaida. Akifungua akaunti, hakuna. Ada na kiwango cha kubadilishia fedha ndivyo vya kuvitazama zaidi: kampuni mbili zikitofautiana shilingi 60 tu kwa dola, kwenye dola 300 hizohizo mmeshapoteza shilingi 18,000, na kiasi hicho ni zaidi ya maradufu ya kodi yenyewe. Mwambie kaka kabla hajatuma aulize jambo moja tu: mama atapokea shilingi ngapi mkononi.